Ukumbi wa Mapaa Mawili

Ukumbi wetu ulijengwa juu ya kuta za ghala la pamba lililoachwa miaka mingi bila paa, katika kijiji kilichokuwa kipya wakati huo, nusu ya njia kutoka Butiama kwenda Kiabakari. Kuta zile zilikuwa bado na pamba. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimejibana katika nyufa za matofali, na ukipiga ukuta kwa kiganja zilitoka taratibu, zikaelea, zikachukua muda wote zilioutaka kufika chini.

Mwaka ule nilikuwa na mimba ya kwanza, na usingizi ulinifuata hata nikiwa nimesimama. Ndiyo maana nikikumbuka msimu wa kwanza wa ukumbi sijui vizuri kipi nilikiona na kipi nilikiota nikiwa nimeegemea ukuta. Lakini habari ya mama na mume wangu niliiona. Niliibeba mwenyewe, neno kwa neno, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Mabati yalitoka kwenye mabanda ya mgodi wa Kiabakari, uliokuwa umefungwa. Tuliyabeba kichwani, wanawake wawili kwa bati moja, tukienda kwa hatua za pamoja ili bati lisiyumbe. Kila bati lilikuwa na matundu ya misumari ya zamani. Fundi wetu, Mjita kutoka vijiji vya ziwani upande wa Musoma, aliyaziba aliyoweza kwa lami. Lami ikaisha, akasema yaliyobaki ni mapambo. Safu za kwanza zilipokamilika jua lilipita katika matundu hayo, likashuka ndani ya vumbi, na sakafuni zikawaka nyota nyingi za mchana. Nilikaa kuzitazama. Zilikuwa zinasogea kuelekea mashariki, polepole, kama watu wasio na haraka wanaorudi makwao.

Siku hiyo mama alimletea fundi uji. Mama ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo kijijini: kwenye kupalilia, kwenye arusi, kwenye misiba. Alisimama katikati ya ghala, chini ya mabati mapya, akaita, "Fundi, uji."

Neno likapanda, likagonga bati, likamrudia. Mama akageuka kuona nani amemwita. Kisha akaita tena, kwa sauti ya chini kidogo.

"Nimesikia, mama, nakuja," fundi akajibu kutoka juu.

"Sikuiti wewe," mama akasema.

Jioni mimi na mama tulichambua mboga mpaka majani yakaisha. Halafu akasema, "Miaka yote naimbaga, sauti inaondoka, haiagi. Leo nimejisikia." Akafuta mikono. "Nataka kuimba mle, litungu likiwepo. Mara moja tu. Nijue watu wamekuwa wakisikia nini."

Litungu lilikuwa la mume wangu. Ni ala ya nyuzi nane, yenye tumbo la mti lililowambwa ngozi, na mpigaji huiegemeza kifuani kana kwamba anambembeleza mtoto aliyekataa kulala. Nyuzi sita za litungu lake zilikuwa za kano za ng'ombe, mbili za mshipi wa kuvulia alionunua Musoma. Alikuwa akipigia nyimbo za mama tangu kabla hajanijua. Ndivyo tulivyokutana: aliifuata sauti ya mama, akanikuta mimi naitikia. Wawili wale walijulikana mpaka Bunda.

Ila tangu ng'ombe wa mahari walipoingia zizini kwetu, yeye akawa mkwe. Na kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali pamoja, hawasemeshani ila kwa kupitia mtu wa tatu, na juu ya yote hawaingii chini ya paa moja. Uwanjani hilo halikuwa tatizo. Mama alisimama huku na wanawake, mume wangu akakaa kule akiwa amempa mgongo, na mbingu haikuwa paa la mtu. Hata wakati wa ujenzi tulifanya mazoezi ndani ya kuta zile bila wasiwasi, kwa sababu juu kulikuwa wazi. Tulipima milango. Tulipima jukwaa, urefu na kimo, fundi akiwalaza watu sakafuni ili ajue ngoma ngapi zitaenea. Tulipima hata nafasi ya kina mama wenye watoto migongoni. Kijiji kizima cha wakwe, na hakuna aliyempima mkwe.

Tuliligundua Jumamosi ya mazoezi ya kwanza baada ya paa kukamilika. Mume wangu alikuwa amekwisha kaa ndani, anakaza nyuzi. Mama akaingia kwa mlango mkubwa akiimba chini chini, akapiga hatua tatu, akauona mgongo ule. Alijifunika kanga kichwani na kurudi kinyumenyume. Mume wangu aliijua mikanyago yake. Bila kugeuka alitia litungu kwapani, akatokea dirishani, akaacha kiatu kimoja.

Tulicheka mpaka mtu mmoja akaanza kukohoa. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, maana kila mtu alielewa kwa wakati mmoja. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi ya tatu. Kundi letu ndilo lililopewa siku ya kwanza, kwa ajili ya mama na litungu.

Katibu wa tawi la chama akaitisha kikao palepale. Alikuwa kijana, kwao mbali kusini, na aliupenda ukumbi ule kama mtu anavyopenda baiskeli mpya. Wanaume walikaa ndani. Mama alibaki nje ya mlango mkubwa, juani. Mume wangu alichutama nje ya dirisha la upande wa pili, na kiatu chake kilikuwa kimerudishwa. Mimi niliketi kizingitini nikiwa na kazi ya kupeleka maneno ambayo kila mtu alikuwa ameshayasikia.

"Ndugu zangu," Katibu akasema, "ujamaa hauna mkwe. Sisi sote ni ndugu."

"Mwambie Katibu," mama akasema kutoka nje, "ndugu ni ndugu. Huyo nimempa binti."

"Nimekusikia, mama. Sihitaji kuambiwa."

"Basi mwambie amenisikia."

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwepo. Yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika mambo ya mila kwetu, na alipenda hoja kuliko pombe. Alikuwa ameinua uso muda wote, anatazama matundu ya misumari. "Nyumba inayopitisha jua si nyumba," akasema. "Kwa hiyo hapa tuko nje. Dada aingie."

"Mwambie kaka, chujio nalo lina matundu. Bado ni chombo, anakinunuaga dukani."

Watu wakacheka. Mjomba hakukasirika, alipenda kujibiwa. Akasema ipo njia nyingine, ya zamani: mkwe atoe mbuzi na blanketi, mama mkwe aketi juu ya blanketi hilo mbele yake, mwiko ufunguliwe, mambo yaishe.

Dirishani ikasikika sauti ya mume wangu, ya chini sana. "Mwambie mjomba mbuzi yupo."

Wote wakaugeukia mlango. Kuku mmoja aliingia ukumbini, akazunguka katikati ya nyota za sakafuni akizidonoa moja moja, akatoka.

"Simtaki mbuzi," mama akasema.

Katibu akafunga daftari lake. Alisema kwa upole, na nadhani aliona uchungu kweli, kwamba basi siku ya kwanza watapewa wa Bunda, lile kundi la Kabasa lenye ngoma kubwa, na mama ataimba siku nyingine, peke yake.

"Sawa," mama akasema.

Nilimuuliza njiani, tukipita kwenye mawe makubwa ya kuelekea Mwitongo, kwa nini amekataa mbuzi ilhali kuimba mle ndicho anachokitaka.

"Mtu asiyenitazama ananisikiliza," akasema. "Huyo mwenzio anajua nitavuta pumzi kabla sijaivuta. Akianza kunitazama ataanza kungoja mdomo wangu. Tutakuwa watu wawili wanaotazamana tu, na watu wa hivyo wamejaa tele."

Wiki ile tulikuwa tunachuma pamba ya mwisho. Mama alikuja shambani kila asubuhi na kikapu chake, akachukua mstari wake, na hakuanzisha wimbo. Hakuna aliyemwomba. Watu themanini waliinamia pamba, na ilisikika ikivuliwa kutoka vikonyoni, sauti ndogo kavu ambayo sikuwahi kujua kwamba ipo. Siku ya tatu hata watoto walikuwa wananong'ona. Nilitembea katikati ya mistari nikahisi nimeingia katika ndoto ya mtu mwingine, mahali ambapo kila kitu kipo isipokuwa kile kinachokifanya kiwe chako. Usiku mume wangu aliligeuza litungu uso ukutani.

Fundi ndiye aliyekuja kwetu na furu, samaki wadogo wa ziwani, wakavu, wamefungwa kwenye majani. Alikaa mlangoni akanitazama nikiwakaanga.

"Hebu nieleze tena mimi mtu wa maji," akasema. "Kinachokataliwa ni paa moja?"

"Ndiyo."

"Si kuta?"

"Si kuta."

"Na mlango?"

"Mlango wa jukwaani ni mwingine, ule wa kupakilia marobota ya pamba."

Alitafuna furu mmoja akiwa bado wa moto. "Kwetu hatujawahi kukata mtumbwi katikati ili mkwe apande," akasema. "Lakini paa ni kazi ya mkono wangu. Nikiondoa mabati ya hapa, ukingo mpaka ukingo, ya jukwaa yakabaki huko, ya mabenchi yakabaki huku, yatakuwa mapaa mangapi?"

Kesho yake aliyaondoa hata kabla ya kikao. Katibu alipofika na kukuta ufa wa mbingu umekatiza ukumbi wake mpya kati ya jukwaa na benchi la kwanza, alikaa chini. "Wageni wa mkoa watasema tumejenga kitu kimepasuka," akasema.

"Waambie ni mwanga," fundi akajibu.

Mjomba alitembea chini ya ufa, mikono nyuma. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeletewa kesi nzuri. "Mbao bado zimepita," akasema. "Mbao hizi zinaunganisha huku na huko."

"Mbao ni mifupa, mzee. Bati ndiyo ngozi. Ng'ombe aliyechunwa humwiti ng'ombe, unamwita nyama."

Mjomba alilifikiria hilo. Kisha akatoa masharti yake: kama mtu aliyesimama hapa chini anaweza kumwona ndege akipita juu, basi hapa ni nje, na kilicho huku na kilicho huko ni nyumba mbili.

Tukangoja ndege. Tulikuwa watu kama ishirini, wanaume kwa wanawake, tumesimama katika mstari mwembamba wa jua na vichwa tumeviinua, midomo wazi. Mawingu madogo ya kiangazi yalipita moja moja, yakitoka nyuma ya bati la jukwaa na kuingia nyuma ya bati la mabenchi. Mtoto tumboni akageuka. Nilifumba macho kidogo, nikayafumbua, wote walikuwa bado wanatazama juu, na Katibu naye alikuwa amesimama nao.

Ndege akapita.

"Nimemwona," mjomba akasema.

"Ndege gani?" mama akauliza kutoka nje.

"Kunguru."

"Kunguru anaingiaga hata jikoni. Mwambie kaka angoje mwingine."

Tukangoja tena. Shingo zilianza kuuma. Mtu mmoja akalalamika kwamba ng'ombe wake hawajanyweshwa, akaambiwa aende, hakwenda. Ndipo akapita korongo, juu sana, miguu ameinyoosha nyuma, akivuka ule ufa bila kupiga bawa hata mara moja. Hakuna aliyehitaji kumtaja. Nje, mama naye alikuwa amemwona.

"Sawa," akasema. Haikuwa ile sawa ya kwanza.

Siku ya ufunguzi walikuja watu wa Mwitongo kwa miguu, wa Bunda kwa lori la pamba, na wageni kutoka Musoma wenye mashati meupe waliowekewa viti vya shule. Alasiri jua lilikuwa limeinama kiasi cha kuingia lote katika ufa, likasimama kati ya jukwaa na watu kama kitambaa kilichoanikwa. Mume wangu aliketi kwenye kigoda mbele ya benchi la kwanza, amelipa jukwaa mgongo, uso kwa watu. Mama aliingia kwa mlango wa marobota. Ngoma zilipoanza, kuta zilitikisika, na pamba iliyokuwa nyufani ilianza kutoka. Ilielea kivulini bila kuonekana, ikafika juani ikawaka, ikavuka, ikazimika. Mzee mmoja wa kutoka mbali alinyoosha kiganja kupokea.

Kisha ngoma zikanyamaza, na mama akaanza.

Ulikuwa wimbo wa kupalilia, ambao kila mtu aliujua, ule wa magugu yanayorudi. Alitoa mstari wa kwanza. Mume wangu hakugusa uzi. Aliiacha sauti ipande peke yake, ikagonga bati, na ilipokuwa inashuka ndipo akaipokea kwa nyuzi mbili za chini. Mama akanyamaza mahali ambapo hanyamazi kamwe. Watu wa Bunda walitazamana, wakadhani amesahau maneno. Nilikuwa nimesimama kando, nikauona uso wake. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyebishiwa hodi na sauti anayoifahamu. Mume wangu aliendelea kupiga palepale, akizunguka, hakuenda mbele, hakurudi nyuma, mgongo umetulia. Na kabla mama hajavuta pumzi, vidole vya mume wangu vikapanda. Mama akavuta pumzi.

Sijui waliimba kwa muda gani. Ninajua kwamba kitambaa kile cha jua kilianzia miguuni pa mume wangu, na walipomaliza kilikuwa kimefika kwenye kuta.

"Wazo zuri sana, huu mwanga," mgeni mmoja wa Musoma alimwambia Katibu wakati wa kutoka.

"Unapitisha na hewa pia," Katibu akajibu.

Jumamosi iliyofuata walicheza wa Kabasa. Kiongozi wao, mwanamke mnene mwenye filimbi shingoni, alisimama mlangoni akauliza kabla ya salamu, "Upande wa wakwe ni upi?" Kumbe habari zilikuwa zimefika Bunda kabla ya lori kurudi. Tangu siku ile, kila onyesho lilianza na watu kujipanga upya, mzee akihamia kule kwa sababu ya fulani aliyeingia, mama mkwe akipitishwa kwa mlango wa nyuma, na waliokuja kutoka ziwani wakikaa popote na kutucheka. Mjomba alisimama mlangoni kila wiki akitoa hukumu. Sijawahi kumwona na afya njema kiasi kile.

Nilimuuliza mama mara moja, siku chache baada ya ufunguzi, kama sauti ilimrudia.

"Ilirudi," akasema. "Lakini haikurudi peke yake, ilirudi na litungu la mwenzio. Kule juu kwenye mbao za paa, mwanangu, sisi wawili hatukuwa na adabu hata kidogo." Alijifunika mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. "Hilo usimpelekee."

Hilo sikulipeleka.

Msimu ulifungwa na mvua ya kwanza. Iliingia kwa ule ufa kundi letu likiwa jukwaani, ikashuka moja kwa moja kati yetu na watu. Kwenye mabati ililia kiasi kwamba hakuna aliyemsikia mwenziwe. Kano za litungu zililegea, mume wangu akalivulia shati akalifunika. Mama aliendelea kuimba. Tuliuona mdomo wake nyuma ya maji.

Juma lililofuata tulikuwa shambani, ardhi imelainika, wanawake mstari mmoja na majembe. Mume wangu na wanaume walikuwa ng'ambo ya kijito, wakilima na ng'ombe. Mama aliinua jembe, akatoa mstari wa kwanza wa wimbo, akanyamaza. Kichwa kimeinama kidogo. Tukangoja, majembe juu. Sauti ilikwenda juu ya udongo mweusi, ikavuka kijito, ikaendelea zake kuelekea ziwani.

"Mama, unangoja nini?" mtu akauliza nyuma yangu.

Mama akashtuka kama aliyeamshwa. "Nimeshazoea vibaya," akasema, akatema mate viganjani, akalishika jembe upya. Akaanza tena tangu mwanzo, na mara hii hakungoja.